Hedifoni za Viti vya Nyuma

Leo fundi wa simu pale Shirere alikuwa analehemu waya, na moshi ukanifikia puani kabla sijamsalimia. Ikabidi nikae chini.

Moshi kama ule ulijaa ndani ya ndege ndogo, siku baba yangu, fundi wa redio, alipoitwa uwanjani kuongeza hedifoni mbili. Kabla ya hapo waliosikizana angani ni wawili wa mbele tu. Abiria wa nyuma walisafiri kama mizigo. Mimi nilikaa nyuma ili nimjaribie. Hedifoni zilinibana na kunuka jasho la watu.

Rubani akawasha injini. Baba, amevaa hedifoni za kiti cha mbele, alikuwa bado anakaza skrubu, akidhani za nyuma hazijashika. Kumbe zilishashika. Sauti ya rubani ikaja kama iko ndani ya kichwa changu.

"Huyu msichana hamfanani hata kidogo."

"Si wangu," baba akasema. "Ni wa dada yangu, yule wa Likuyani. Hajui, na sitaki ajue."

Shangazi wa Likuyani. Yule aliyekuwa akituletea mahindi mabichi, na haondoki mpaka anisuke nywele.

Baba akageuka, akagusa sikio lake kuniuliza kama nasikia. Nikatikisa kichwa.

Injini ikazimwa.

"Hakuna kitu?"

"Sisikii kitu, baba."

Akaufungua waya uliokuwa mzima, akatafuta kosa mchana kutwa.