Anayegonga kiunoni mwa piano

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ukumbi wa sanaa una viti mia tatu na kumi, na watu wawili tu. Mmoja ni mwandishi wa makala haya, kakaa mstari wa mbele. Mwingine ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyevua viatu. Anapanda jukwaani kwa soksi, anatua mkoba sakafuni na kuinua mfuniko wa piano. Kisha anasimama akitazama upande wa kulia, pale ubao wa piano unapobonyea kwa ndani kama kiuno cha mtu.

Anafungua mdomo kama anayetaka kuamkia. Anaufunga. Pale hakuna mtu.

"Zamani nilikuwa nasema shikamoo," anaeleza huku akivuta kibago na kukaa. "Sasa sijui niseme nini. Ngoja nifanye kazi kwanza, utaelewa mbele ya safari."

Wafanyakazi wa ukumbi humwita Mama Nyuzi. Ndiye fundi wa kuweka sauti za piano, na kila Jumamosi ya onyesho hufika kabla ya mfagiaji. Msimu wa muziki wa klasiki uliokwisha wiki tatu zilizopita ulikuwa na maonyesho saba, moja kila mwezi, saa kumi na moja jioni. Kabla ya kila onyesho alikuwa na saa tatu za kukaza na kulegeza nyuzi zaidi ya mia mbili na ishirini, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Watu wanamjua mpiga piano," anasema. "Mimi ukisikia najulikana, ujue nimeharibu."

Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo. Mkono wa kushoto unabonyeza noti, wa kulia umeshika ufunguo wa kukazia, unausukuma kiasi cha unywele. Kazi hasa iko sikioni. Noti isipokaa sawa hutetemeka, wau-wau-wau, na fundi hukaza mpaka mtetemo utulie. Noti za chini hutetemeka polepole, hata wewe na mimi tungesikia. Za juu kabisa, zile zinazolia kama kijiko kwenye glasi, zinataka sikio la mtu aliyezaliwa nalo.

Sikio hilo Mama Nyuzi alizaliwa nalo. Aliyelipwa kwa ajili yake alikuwa mume wake.

Marehemu alikuwa fundi wa ukumbi huu kwa miaka kumi na tisa, na alimzidi mkewe miaka kumi na minne. Katika miaka kumi na moja ya mwisho masikio yake yalikuwa yamechoka, na hakuna aliyejua isipokuwa mke. Basi wakabuni njia yao. Mzee alikaa kwenye kibago na ufunguo wake. Mke alisimama kiunoni mwa piano, kabeba mkoba na chupa ya chai, na kugonga ubao kwa pete yake ya ndoa. Moja, kaza. Mbili, legeza. Tatu, basi.

"Watu waliona mzee kaja na mkewe wa kumpa chai," anasema, na hapo anacheka kwa mara ya kwanza. "Wakasema mzee ana sikio la ajabu. Mimi namimina chai, nanyamaza. Sikio lenyewe limesimama mbele yao, limevaa kanga."

Hakunung'unika hata siku moja? "Nilinung'unika sana. Ila nilimpenda zaidi ya nilivyonung'unika."

Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Wiki mbili baada ya matanga mjane alikwenda ukumbini kurudisha funguo, akakuta wanamhangaikia fundi wa onyesho la Jumamosi. Akasema, nipeni mimi. Wakampa kwa sababu hawakuwa na mwingine, na hawajapata la kumlaumu tangu hapo.

Siku hiyo ya kwanza peke yake alianza na noti za chini, akapanda, akapanda. Alipofika katikati, kiganja chake cha kushoto kikiwa kimeegemea ubao, akasikia. Kugonga mara tatu. Chuma juu ya mti.

"Nilisimama. Nikasema, mume wangu, hata huku? Sikuogopa. Mtu uliyelala naye zaidi ya miaka thelathini akikugongea, unaogopa nini?"

Kuanzia hapo kila akija alimwamkia, "Shikamoo, mzee," na kila alipopatia noti aligongewa tatu. Aliona ni mapenzi. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Na mapenzi hayo yalikuja kuwa msaada. Mwaka mmoja baadaye daktari wa masikio alimfungia kwenye kijumba kidogo, akamvalisha vitu masikioni, akatoka na karatasi. "Akaniambia, mama, maneno ya watu utaendelea kuyasikia. Ila sauti nyembamba zimeshakuaga." Noti kumi na mbili za mwisho za piano, yeye alizisikia kama mtu anayegonga meza. Mtetemo hakuna. Wimbo hakuna.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Nyuzi aliificha ile karatasi kwenye kopo la nyuzi za kushonea, pamoja na pete yake ya ndoa, ambayo sonara alikuwa ameikata kidole kilipovimba. Akaendelea na kazi. Zile noti kumi na mbili akawa anazikaza kwa kugongewa tu.

Tuseme ukweli: hapo mwandishi aliacha kuandika, akamtazama usoni kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Alioneshwa ubao wa kiuno. Mwaka aliofariki mzee, piano ilipelekwa kupigwa msasa na vanishi mpya, na makovu yote ya pete yakafutika. Leo kuna makovu madogo zaidi ya ishirini pale pale, yamekaa pamoja, usawa wa mkono wa mwanamke aliyesimama.

Sasa tufike kwenye onyesho la kufunga msimu, maana ndilo lililoharibu siri.

Meneja wa ukumbi ni kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, anayependa vitu vya kupima. Asubuhi ile alikuja na programu kwenye simu inayosoma sauti: kijani ni sawa, nyekundu si sawa. Alibonyeza noti moja moja. Kijani, kijani, kijani. Alipofika juu, noti kumi na mbili za mwisho zikawaka nyekundu zote.

"Mama, hizi zimepanda," akasema.

Zilikuwa zimepanda, na ndivyo zinavyotakiwa. Fundi yeyote wa piano anajua kwamba noti za juu huinuliwa kidogo kupita kipimo, kwa sababu sikio la binadamu likifika huko huisikia iliyo sawasawa kama imelala. Simu ile haikuwa imepangwa kulijua hilo. Mama Nyuzi alilijua. Lakini kubishana kungeleta swali moja tu: wewe unazisikiaje?

"Nikaona bora nifunike kombe," anasema. "Nikamwambia sawa, baba, nitazishusha."

Meneja akamwachia simu, akaenda ofisini. Mama akazishusha, zote kumi na mbili, mpaka simu ikaridhika. Na kila aliposhusha, kiunoni palimgongea. Moja. Kaza. Anashusha, moja. Anashusha, moja. Mwisho ilikuwa inagongwa kwa hasira, na vumbi la jukwaa likaruka.

"Nikajifanya kiziwi," anasema. "Mungu anisamehe, kiziwi mwenyewe najifanya kiziwi."

Saa tisa mpiga piano mgeni akaja kufanya mazoezi. Ni mwanamke wa makamo, mchache wa maneno. Vidole vyake vilikwenda vizuri mpaka mkono wa kulia ulipopanda juu. Akaacha.

"Huku juu mbona kumelala?"

Meneja akamwonesha simu, kijani tupu. Mgeni akamtazama. "Jioni itapiga simu au nitapiga mimi?"

Zilibaki saa mbili. Fundi mwingine pekee wa mji ule alikuwa safarini. Mama Nyuzi akaona maji yamezidi unga, akasema mbele yao wote wawili: "Kule juu sisikii. Mwaka wa pili huu."

Meneja alikaa chini kwenye ngazi ya jukwaa. "Sasa utaziwekaje?"

"Kama ninavyoziweka siku zote. Niachieni nafasi, na mtu asisimame pale." Akanyoosha kidole kiunoni.

Meneja hapendi kuyazungumzia yaliyofuata. Alipobanwa alisema hivi: "Nilisikia. Moja, moja, mbili, halafu tatu. Nikadhani ni panya, nikadhani ni bomba. Nikachukua tochi ya mfagiaji nikaingia chini ya jukwaa. Kuna viti vibovu na ndoo. Nikiwa humo ikagongwa tena, juu ya kichwa changu, kulia. Mama alikuwa kushoto, namsikia anakohoa."

Alitoka na utando wa buibui kwenye nywele. Saa kumi na nusu noti zote zilikuwa juu ya kipimo cha simu, nyekundu kumi na mbili, na mgeni akatikisa kichwa kukubali.

Onyesho lilikwenda vizuri, watu walisimama kupiga makofi. Mama Nyuzi alikuwa nyuma ya pazia kama kawaida yake, ufunguo mapajani. Mgeni alipotoka jukwaani alimfuata moja kwa moja, akamwinamia sikioni.

"Yule mwanamke aliyesimama ubavuni mwa piano wakati napiga ni nani? Mwenye kanga na pete. Alikuwa ananitazama vidole mpaka nikaogopa kukosea."

Mama Nyuzi akamuuliza yukoje. Mgeni akasema, wa miaka arobaini na kitu hivi. Kisha akamtazama vizuri, akarudi nyuma hatua moja. "Anafanana na wewe. Ni mdogo wako?"

Akifika hapo, Mama Nyuzi anaweka ufunguo mapajani.

"Miaka mitatu namwamkia mume wangu," anasema. "Kumbe mume wangu hajawahi kusimama pale hata siku moja. Yeye alikuwa anakaa hapa nilipokaa mimi. Pale ni mahali pangu. Aliyekufa ni yeye, mbona anayegonga ni mimi?"

Anabonyeza noti moja ya chini, anaiacha ilie mpaka iishe.

"Ndiyo maana shikamoo nimeiacha. Mtu hajiamkii mwenyewe. Siku hizi nikipika nasahau chumvi, nikianza neno silimalizi. Zamani nilisema ni uzee. Sasa nasema, si ajabu. Nusu yangu iko kazini."

Meneja hakumfukuza. Alimpa miezi minne, mpaka msimu mpya ufunguliwe: alete masikio mazima, au akabidhi ufunguo. "Ukumbi hauwezi kumwajiri asiyeonekana," alisema, na uso wake haukuwa na mzaha.

Masikio mazima anayo bintiye, fundi cherehani mwenye miaka thelathini na mitano. Alikataa mara mbili. "Mama, mimi nashona magauni ya watu walio hai," alimwambia. Mara ya tatu mama hakubembeleza. Alimwambia tu amechoka kugawanyika. Binti akafunga kibanda chake, akaja.

Ndiye anayeingia ukumbini sasa, saa tatu kamili, na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Anamwamkia mama yake, anavua viatu bila kuambiwa. Mama anatoa mfukoni kitambaa chenye ile pete iliyokatwa, sonara ameiunga tena. Kwenye kidole chake haiingii. Kwenye cha binti inaingia.

"Simama pale," mama anasema.

Binti anakwenda mpaka karibu na kiuno, anasimama hatua moja kabla. "Pana baridi."

"Najua."

Mama anageuza uso kuelekea ile nafasi kati ya binti na piano. Anaongea kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtu asimshtue. "Umefanya kazi ya kutosha, mwenzangu. Mpishe mtoto. Twende nyumbani."

Hakuna kinachotikisika. Baada ya muda binti anamaliza ile hatua iliyobaki.

Wanaanza na noti ya juu kabisa. Mama anabonyeza, anakaza. Mwandishi hasikii tofauti yoyote. Inagongwa moja. Anakaza tena. Inagongwa mbili, analegeza kidogo. Kisha tatu, kavu, na mama anaondoa mkono kwenye ufunguo haraka.

"Umegonga wewe?"

Binti anautazama mkono wake. "Ni mimi, mama." Anaigeuzageuza pete. "Ila mkono ulitangulia. Sikio lilikuja baadaye."

Mama anarudisha mkono kwenye ufunguo. "Mimi nilikuwa naanza hivyo hivyo," anasema, na haijulikani kama anamtuliza binti au anajituliza mwenyewe. Wanaendelea na noti ya pili.

Msimu ujao una maonyesho manane. Mama Nyuzi hajawahi kutazama hata moja. Maisha yake yote ya kazi amesikiliza akiwa nyuma ya pazia. Safari hii ameomba kiti, na meneja amemwandikia jina kwenye mstari wa nne, kulia. Angeweza kupewa cha katikati, karibu na wageni wa heshima. Alikataa. Anataka kile ambacho kiuno cha piano kinaonekana chote.

"Binti yangu atakuwa ameshamaliza kazi, amekaa pembeni yangu hapa, nimemshika mkono," anasema. "Nitatazama pale mpaka wapige noti ya mwisho. Nikipaona patupu, nitajua nimerudi nyumbani mzima."

Na akimwona mtu?

Anainama, anaanza kuvaa viatu vyake.

"Nitatazama ana umri gani," anasema.