Mkono Usiosikia Moto

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa Ukoma wa Wilaya hakunionyesha kiti wala faili. Aliitikia shikamoo yangu huku akipanga mabeseni matatu: maji ya moto, maji baridi, na ya vuguvugu katikati.

"Mkono mmoja huku, mwingine kule. Tulia. Haya, sasa yote miwili katikati."

"Huu unasikia baridi, huu unasikia moto!"

"Beseni ni moja, sista. Nani mwongo?"

Hakuna aliyekuwa mwongo. Ngozi, alinieleza, haipimi joto kama kipimajoto kinavyopima. Ndani yake zimo ncha nyembamba za mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo. Nyingine husikia joto, nyingine baridi, na hushtuka zaidi hali inapobadilika. Moto ukizidi, nyuzi za maumivu hudakia, nawe unavuta mkono kabla hujafikiri. Ukoma hupenda kuanza na nyuzi hizo nyembamba.

"Kwa hiyo kumpima mtu kwa kumgusa na pamba peke yake hakutoshi," alisisitiza. "Mtu anaweza kusikia pamba asisikie moto."

Nilipangiwa kwanza Ngaramtoni. Asubuhi za Juni, wafugaji walifika kliniki mikono imekufa ganzi kwa baridi ya mlimani. Nilijifunza kuwaketisha kwanza, wasugue viganja mpaka vipate joto, ndipo nipime. Ngozi iliyopoa sana hutoa majibu yasiyoeleweka, na haraka ya muuguzi humpa mtu ugonjwa asio nao.

Kisha nikahamishiwa mjini. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Mitumba imejaa, na pale Kaloleni dobi mmoja, Eliufoo, alikuwa na foleni ya wateja. Alikuwa akiokota kaa la moto kwa vidole na kulitia kwenye pasi. Watu walimshangilia, wakimwita Mkono wa Chuma. Mimi niliona malengelenge, na baka la rangi ya shaba kwenye kiwiko.

Nilimsihi aje kliniki, akaja kwa kunionea haya tu. Pamba aliisikia vizuri. Nikajaza mirija miwili ya kioo, mmoja maji ya moto, mmoja baridi.

"Fumba macho. Sema unachosikia."

Mkono wa kushoto alijibu sawasawa: moto, baridi, baridi, moto. Nikahamia wa kulia. Kimya.

"Gusa basi, sista, nimeacha pasi kwa jirani."

"Nimeshagusa, Eliufoo. Mara tatu."

Akafumbua macho, akautazama mrija uliolala juu ya vidole vyake. Nilipomtajia ugonjwa, alisimama.

"Wakijua, nani ataniletea shati? Mwenye nyumba si atanitupia godoro nje?"

"Hapa hatutangazi mgonjwa. Dawa ni bure, na ukianza kumeza, muda si mrefu huambukizi mtu. Ukiondoka hivi, vidole vitaungua kimoja kimoja, nawe hutajua. Pasi utaishikaje?"

Aliketi. Dozi ya kwanza alimeza mbele yangu. Tuliongeza vidonge vya kupunguza uvimbe wa mishipa, maana ganzi yake ilikuwa bado changa. Nilimfundisha kutumia koleo, kujaribu pasi kwa tone la maji, na kukagua vidole kila jioni. Wateja walimtania, "Chuma kimepata kutu?" Naye akawajibu, "Chuma kimepata akili."

Sasa nimestaafu, naishi Kikatiti. Wauguzi vijana huniuliza ni siku gani naionea fahari, wakidhani nitataja kupandishwa cheo. Mishipa ya fahamu hupona polepole, nawaambia, na mingine haiponi. Kwa hiyo pimeni kila mwezi hata mkijua jibu. Nilimpima Eliufoo miezi mingi, na mkono wa kulia ulinyamaza. Asubuhi moja nikagusa kidole chake cha shahada kwa mrija wa moto, nikingoja ule ukimya niliouzoea. Akauvuta mkono hata mrija ukaniponyoka, ukavunjika sakafuni.

"Sista! Unaniunguza!"

Alinitazama kwa hasira. Kisha akakitazama kidole, akakinyoosha tena mbele yangu.

"Gusa tena," akasema.