Kamera Ndogo Yenye Kidirisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa, si kamera. Mwenye Studio, ambaye pale Korogwe hakuna aliyemwita kwa jina lake, alinionyesha rafu, viti, taa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, akasema, "Adui wa kwanza wa picha ni vumbi. Futa." Nikafuta mwezi mzima. Mimi ni binti wa mkata mkonge, na nyumbani tulifunzwa kwamba kazi ni kazi, lakini nakiri nilinuna.

Aliniajiri kwa sababu moja na hakuificha. Katika harusi nyingi za kwetu wanawake hukaa ndani, na mpiga picha mwanaume huishia mlangoni. "Nataka jicho litakaloingia ndani," aliniambia. Basi jicho hilo likawa langu.

Nyinyi mnaopiga picha mia kabla ya chai mtanisamehe nikiwaeleza mambo ya kale. Kamera yetu kubwa ilitumia filamu, utepe ulioviringwa ndani ya kikopo, na ulitoa picha thelathini na sita tu. Filamu ikiisha tuliiosha katika chumba cha giza, tukapata negativu, yaani ile picha iliyogeuka, meno meusi na nywele nyeupe. Mwanga ukiingia kabla ya hapo filamu inaungua, na kazi ya siku nzima inakwenda na maji. Mwenye Studio aliweza kuifunga filamu kwenye kigurudumu chake gizani, kwa vidole vitupu, huku akinisimulia habari za mpira. Nilimwogopa, kisha nikamheshimu, na mwishowe nikampenda kama baba yangu mdogo.

Lakini alinifundisha pia jambo ambalo wapiga picha wote wa wakati ule walilijua na hakuna aliyelisema. Flashi yetu, taa ile ya kumulika, ilikaa juu ya kamera, na mgongoni ilikuwa na kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza, flashi inawaka lakini filamu haiguswi. "Filamu ina picha thelathini na sita," alisema, "harusi ina watu mia tatu. Wote watataka. Utawakatalia?" Akanionyesha: kamera kifuani, tabasamu usoni, kidole gumba kwenye kitufe. Mwanga ukawaka kama radi. "Hii inaitwa flashi ya heshima. Mtu anafurahi, filamu inabaki." Nikaona ni ufundi kama ufundi mwingine, nikaushika haraka.

Biashara huria ilipochanganya na maduka kujaa redio, saa na vitenge vya kila rangi, watu nao walitaka picha za rangi. Mwenye Studio akafungua tawi Handeni mjini, akaniteua kuwa Msimamizi wa Tawi, cheo kikubwa cha mtu asiye na wa kumsimamia. Filamu nilizituma Tanga kwa basi kwenye maabara ya rangi. Nilizunguka Misima, nikashuka Kabuku barabarani, nikapanda baiskeli hadi vijiji vya ndani. Mzee mmoja mfugaji alikataa katakata kupigwa picha bila fahali wake, na fahali akakataa katakata kuingia studio. Tulimalizana nje, na picha ile ilipendeza kuliko zote za pazia la maporomoko.

Sasa nifike Kwedizinga. Ilikuwa harusi kubwa, wanawake wamejaa ndani, vigelegele juu ya vigelegele. Zilikuwa zimebaki picha nne kwenye filamu yangu ya mwisho, na bi harusi alikuwa hajatoka nje. Hapo ndipo nyanya yake, Bibi Mwantumu, alipoketi mbele yangu kwenye kigoda, akajifunika vizuri kanga yake mpya, akaweka mikono magotini.

"Mwanangu, nipige mimi peke yangu," alisema. "Sina picha hata moja. Kule kwenye mkonge walinipiga ya kipande, ile kadi ya kazi, wakaiweka ofisini kwao. Nataka vitukuu wajue wamefanana na nani."

Nikahesabu picha nne kichwani. Kidole gumba kikaenda kwenye kitufe.

"Umeipata?" akauliza.

"Nimeipata, bibi."

Wiki tatu baadaye nilipeleka picha. Bibi Mwantumu akazipitia zote moja moja, akarudia tena kuanzia mwanzo. Kisha akanitazama. "Yangu iko wapi?"

"Iliungua, bibi. Mwanga uliingia."

Akanishika mkono. "Basi usihuzunike, mwanangu. Kazi ina mambo. Utanipiga nyingine."

Njia nzima ya kurudi Handeni sikuweza hata kuitikia salamu vizuri. Nilijiona mwizi, tena mwizi aliyepewa pole na aliyemwibia. Na kumpiga nyingine haikuwa rahisi: kamera kubwa ilikuwa moja tu, ya studio, tukipokezana na Korogwe, na haikutoka bila oda ya mteja, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumweleza Mwenye Studio kwa nini niitoe. Masika yakapita, vuli ikapita. Kila aliyetoka Kwedizinga nilimuuliza kijuujuu kama bibi yule mzima, na moyo wangu haukutulia mpaka ajibu.

Wakati huo kamera za dijitali zilikuwa zimeanza kufika. Hazitumii filamu; picha inakaa kwenye kadi ndogo kama ukucha, na mbaya unaifuta. Siku moja Mwenye Studio aliniita Korogwe. Kamera kubwa ilikuwa imemgomea katikati ya kipaimara, na aibu ile hakuitaka tena.

"Tutanunua kamera ya pili," alisema, "ndogo, ya dijitali, iwe akiba. Mimi siipendi. Kamera ya pili ni kama mke wa pili, inaleta maneno na ya kwanza. Lakini itakaa kwenye mkoba wako popote uendapo, kwa hiyo nenda Tanga ukachague wewe."

Iwe kwenye mkoba wangu, popote niendapo! Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamwambia habari yote ya Bibi Mwantumu, nikiwa nimekaza macho sakafuni. Akachukua kitambaa na kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mimi nimewamulika hivyo watu wangapi?" alisema mwishowe. "Ukishainunua, usianzie studio kwangu. Anzia kwa huyo bibi."

Dukani Tanga muuzaji aliniwekea kamera tatu juu ya kioo. Ya kwanza nyembamba, inang'aa, ya kutamanisha. "Dada, hii ndiyo mwisho wa maneno," alisema. "Megapikseli kibao!" Megapikseli ni vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha, vikiwa vingi unaweza kuikuza sana. Lakini nani Kabuku anataka picha kubwa kama mlango? Nikamuuliza inakula betri gani. Yake yenyewe, ya kuchaji kwenye umeme. Nikafikiria vijiji vyangu, nikaiweka kando.

Ya pili ilitumia betri za kawaida, zile ndogo za redio zinazouzwa kila kioski. Nikatoka nayo juani. Kioo chake cha nyuma kikawa cheusi tii, sikuona kitu, na njia nyingine ya kutazamia haikuwapo. Tena muuzaji alijisifia kwamba inavuta mbali; kumbe haivuti kwa lenzi, inakatakata picha na kuikuza, na uso unageuka uji.

Ya tatu ilikuwa nene, imekaa kama kipande cha sabuni, na megapikseli zake chache kuliko zote. Ilikula betri za redio. Lenzi yake ilitoka mbele kwa kuvuta kweli. Na juu yake ilikuwa na kidirisha, kitundu cha kuchungulia kwa jicho moja, sawasawa na kamera yetu kubwa. Nikabakiza mtihani mmoja, kwa sababu kamera ndogo za wakati ule zilikuwa na uvivu: unabonyeza sasa, yenyewe inapiga ikijisikia.

"Kaka, piga makofi," nilimwambia muuzaji.

"Makofi ya nini tena?"

"Wewe piga."

Akapiga, nami nikabonyeza viganja vilipokutana. Mara mbili ilichelewa. Nilipojifunza kubonyeza nusu kwanza, ikajiandaa, kisha kumalizia, nikaipata mikono imegusana. Watu wakakusanyika wakidhani kuna mnada. "Mama huyu ananunua kamera au ng'ombe?" mmoja akauliza, na kicheko changu ndicho kilichokuwa kirefu kuliko chote.

Kesho yake nilikuwa Kwedizinga. Bibi Mwantumu alikuwa uani akichambua kunde, amepungua mwili, lakini mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipiga?"

Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Akaingia ndani, akatoka na ile kanga, akaketi, akaweka mikono magotini. Nikanyanyua kamera, nikachungulia kidirishani, nikabonyeza nusu, nikasubiri, nikamalizia. Nikamgeuzia kioo kivulini aone. Akajitazama, akigusa pembeni ya kioo kwa kidole chenye vumbi la kunde.

"Safari hii umeipata kweli," alisema.

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Hakuniacha nimalize.

"Nilijua tangu siku ileile," alisema. "Wengine uliwapiga umefumba jicho moja. Mimi ulinitazama kwa macho mawili." Akacheka, akaniinua. "Leo umelifumba."

Kwa hiyo alijua, na bado alinishika mkono akanipa pole. Katika miaka yangu yote ya kazi, na wakubwa wote walionifunza, huyo ndiye aliyenifunza zaidi. Picha yake niliisafisha mbili, moja ya kwake na moja Mwenye Studio aliibandika ukutani juu ya meza yake. Kitufe cha flashi alikiziba kwa plasta siku hiyohiyo.

Nimestaafu sasa. Kamera ile ya pili ipo kabatini, mlango wa betri umefungwa kwa mpira, na ukiibembeleza inawaka. Vijana wakiniuliza wanunue kamera gani ya pili, huwaambia wasianze na megapikseli. Wamfikirie kwanza mtu ambaye kamera yao ya kwanza ilimruka. Wanangu wao hunipa simu niwapige, na wanacheka kila mara, kwa sababu simu haina kidirisha chochote na mimi bado nafumba jicho moja.