Barua Safi za Maalim Makame

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijakaa kitini. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya na koti la kuazima, nimesimama mlangoni mwa ofisi moja ya serikali pale Mji Mkongwe, ofisi ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa mwanzomwanzo wa miaka ya hamsini. "Unasubiri kubebwa?" akauliza Karani Mkuu, Mgoa mfupi mwenye miwani. "Mashine yako ile kule. Kaa."

Aliyeniombea kazi ile alikuwa Maalim Makame, mtu wa Bwejuu, mpiga taipu mkongwe kuliko wote pale ofisini. Alikuwa jirani yetu mtaa wa Malindi. Mashine hatukuwa nayo, basi alinifunza vidole vyote kumi barazani kwake, juu ya kibao alichokiandika herufi kwa chaki. Baba yangu keshafariki, mama ana watoto watano. Tukila kwa sababu ya Maalim, na mimi sijalisahau hilo hata siku moja.

Nyinyi wa leo mkikosea mnafuta, wala hapana ajuaye. Sisi tulipanga karatasi ya barua, chini yake kaboni, karatasi ya wino ya kunakilia, kisha nakala, kisha kaboni tena, mpaka nakala nne. Ukikosea herufi moja umekosea tano. Na Bwana Katibu, Mwingereza mkuu wa ofisi, hakutaka kuona alama ya kufuta. Kosa moja, ukurasa mzima upya.

Kilichotutoa jasho zaidi ni vifupisho. Kiingereza kina vijineno viwili vidogo, "a" na "an", ambavyo Kiswahili chetu hakina haja navyo, na kila jina la kitu kimoja linataka kimojawapo mbele yake. Shuleni tuliambiwa: konsonanti ipe "a", irabu ipe "an". Karani Mkuu alinicheka nilipoitumia kanuni hiyo kwenye vifupisho.

"Hapo soma kwa sikio, si kwa jicho," aliniambia. "M.O., daktari wa serikali, utamtamkaje? Em-o. Mdomo umeanza na irabu. Basi ni 'an M.O.' Na U.K. je? Yu-kei. Mdomo umeanza na y. Basi ni 'a U.K.', hata kama U ni irabu. Umefahamu?"

"Naam."

"Basi usinirejee tena na swali hili."

Wiki ya pili nikaiona barua ya Maalim juu ya meza ya kukagulia, maana kazi yangu nyingine ilikuwa kupitia barua za wenzangu kabla hazijaenda kutiwa saini. Imeandikwa "a M.O.", na mistari miwili chini yake "an U.K." Nikaipeleka kwa Karani Mkuu. Akafunga mlango.

"Nnaona kila siku," akasema. "Zamani nikizipiga upya mimi. Sasa utazipiga wewe."

"Nimwambie, Bwana?"

"Umwambie nini? Mtu mzima yule, amenitangulia hata mimi hapa. Utamvua nguo mbele ya watu? Msitiri."

Nami sikuona ubaya wowote. Kwetu, kijana akiona kanzu ya mtu mzima imechanika nyuma, hasemi. Hutembea nyuma yake amkinge. Basi kila adhuhuri Maalim alipokwenda kusali msikitini, mimi nilibaki. Nilizipiga upya kurasa zenye makosa, nikazipanga zilivyokuwa, na zile za kwanza nikazichana vipande vipande. Nikasali peke yangu baadaye, mbiombio. Maalim akirudi hakuzitazama tena. Keshamaliza kazi yake, kwa nini azitazame?

Miaka sita nilifanya hivyo. Bwana Katibu alikuwa akiwaonyesha wageni barua za Maalim. "Huyu," akisema kwa Kiswahili chake kizito, "hana kosa." Na Maalim hucheka kidogo, akashika ndevu zake. Mimi nikifurahi! Wallahi nilikuwa nikifurahi, nikijiona mtoto mwema aliyelipa fadhila.

Kisha mambo yakageuka kwa mwaka mmoja tu. Karani Mkuu akastaafu akarudi kwao Goa. Bwana Katibu akahamishwa, akaja mwingine, kijana mwenye penseli nyekundu. Na mimi nikapelekwa kituo cha kilimo upande wa Kidichi, kuwa karani wa peke yangu. Nilifurahia cheo. Barua za Maalim, nisiwadanganye, sikuzifikiria.

Habari zikanifikia vipande vipande. Bwana Katibu mpya anamrudishia Maalim barua zimetiwa duara nyekundu, bila maelezo. Maalim anazirudisha vilevile. Kwa nini asifanye hivyo? Miaka yote zimepita, leo ziwe makosa? Akaamini ni chuki. Siku moja akaingia kwa Bwana Katibu akamwambia mbele ya makarani wote, "Nimepiga barua hizi wewe hujaota ndevu." Mwisho wa mwezi akaandikiwa kwamba ameshindwa kazi, apumzike.

Kushindwa kazi! Maalim Makame! Mji mzima ukasikia.

Asubuhi moja akanijia Kidichi. Alikuwa amepiga pasi kanzu yake, na mkononi ana bahasha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nshaandika rufaa. Nataka uisome tu, kisha nnakwenda kuipeleka kwa wakubwa."

Nikaisoma. Alikuwa ameomba jambo moja: mafaili yafunguliwe. Zitolewe barua zake zote za zamani, zilinganishwe na hizi zilizotiwa nyekundu, ili wakubwa waone kwamba alivyoandika leo ndivyo alivyoandika siku zote, na waliomtangulia huyu Katibu kijana waliridhika. Na ndani ya rufaa yenyewe, mstari wa nne, kulikuwa na "a M.O."

Mafaili yakifunguliwa, wangekuta barua za zamani ni sahihi. Wangesema mzee huyu alikuwa akijua na sasa akili imemtoka, au anakosea makusudi. Rufaa yake mwenyewe ingemmaliza.

"Usiipeleke, Maalim."

"Kwa nini? Unaogopa Wazungu?"

"Mafaili hayatakutetea. Barua zilizomo si zako. Nilizipiga upya mimi."

Alinitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Zipi?"

"Zote zilizokuwa na kosa."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki yangu ya pili. Ulipokuwa ukienda kusali."

Akaichukua rufaa, akaitandaza juu ya meza yangu. Akaweka kidole. "Hapa?"

"Hapo."

"Kosa lake nini?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: soma kwa sikio, sikiliza mdomo unaanzaje. Akatamka taratibu, "Em. Em-o." Kisha "Yu. Yu-kei." Nikaona usoni mwake kwamba ameshafahamu, na hatakosea tena maishani.

"Alaa," akasema. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, Maalim."

"Na hili ndilo ulilonificha miaka sita?"

Nilimwambia nilikuwa namsitiri. Nilimwambia nilimheshimu kama baba. Aliikunja rufaa mara nne. "Basi kumbe aliyekuwa akisifiwa si mimi," akasema, akatoka. Sikuthubutu hata kumsindikiza.

Rufaa hakuipeleka. Alirudi kwao Bwejuu, na huko ndiko alikofia. Siku za uhai wake nikimwendea huko kumpa salamu aliitikia, hakuwa mtu wa kukata salamu, lakini hakunikaribisha tena ndani. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha ni mimi, na aliyeumbuliwa ni mwenzangu.

Mimi niliendelea na kazi miaka mingi, nikapanda mpaka nikawa karani mkuu na wapiga taipu chini yangu. Kosa la mtu nililiambia papo hapo, awe mkubwa awe mdogo, na wengi walinichukia kwa hilo. Walinipa jina la Pilipili. Nilikuwa nikijua, na niliwaacha.

Siku ya kuniaga, mkuu wetu akasimama akasema kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona barua safi kama zangu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawatazama vijana wangu usoni mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani kati yao anayenisitiri.