Jani la Kushukia

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na ulimi mmoja, wa baba yangu. Wapangaji walisema akinyamaza, na baba hakunyamaza.

Chumba cha uani alipanga Mama Eliya, Mchaga, muuza ndizi sokoni. Alipanda sale, mmea wa kwao wa majani marefu, kwenye debe bovu, akilimwagilia maji tuliyoyapangia foleni bombani. Tulimsema sana kwa hilo.

Mjomba Saidi, mdogo wake mama, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja. Siku moja akaja anang'aa: bwana wake anakwenda kupanda Kilimanjaro, naye anafuatana naye. Baba akampa viatu vikuukuu vya askari. Mama akampa sweta. Mama Eliya akakata jani moja la sale, akalipiga fundo.

"Mwanangu, mlima una mwenyewe," akamwambia. "Hapendi mgeni wa haraka. Tembea kama mwenye mimba. Akikubana kichwa, ukaona chakula hakikai, amekwambia basi. Usibishane naye. Watolee wapagazi jani hili. Kwetu mwenye kushika sale anaomba radhi, hakataliwi wala hachekwi. Watakushusha."

"Mwanamume mzima wa Dar aombe radhi kwa jiwe!" Baba akalinyakua, akamtupia mbuzi wa jirani. Mbuzi akalinusa, akageuka. "Hata mbuzi halitaki!"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na miaka minane, lakini meno ya kuchekea nilikuwa nayo. Mjomba naye alicheka, huku analitazama jani pale mchangani. Hakuinama kuliokota. Mbele ya shemeji yake angeinamaje?

Aliyetuletea furushi la Mjomba ni mpagazi mmoja, ndugu yake Mama Eliya. Alisimulia amesimama, kiti alikikataa. Siku ya tatu ya kupanda kichwa kilimshika Mjomba, akatapika. Wapagazi wakamwambia shuka.

"Homa ya pwani hii, naijua," akawajibu. Akameza kwinini, akajifunika mablanketi mawili atoke jasho. Kesho yake akaendelea kupanda. Kufika jioni kifua kinachemka kama birika. Walimshusha mgongoni, msitu hakuufikia akiwa hai.

"Angekubali tu," mpagazi alisema. "Tungemshusha siku ileile."

Mama Eliya hakusema "niliwaambia". Laiti angesema, angalau tungekuwa na wa kugombana naye. Baba ndiye aliyesema: "Kazi ya Mungu."

Kazi ya Mungu! Mungu alikwisha kumletea jani mpaka mlangoni, Baba akampa mbuzi. Baba tulimzika kwa heshima zote, lakini hilo sijamsamehe hadi leo, na sitafuti dawa ya kunisamehesha.

Sasa wajukuu zangu wanaupanda mlima huohuo ili wapigwe picha. Nikifungua mdomo, wananiambia, "Bibi, hizo imani za kizamani." Haya. Mimi shule nilipita mlangoni tu, na kama mlima una mwenyewe sijui. Ninachojua, kichwa kikiuma huko juu, dawa yake ni kushuka, na kushuka kunamtaka mtu asiyeogopa kuchekwa.

Nyumba ile kila mmoja alimpa Mjomba kitu cha kupandia. Baba viatu, mama sweta, mimi kicheko. Mama Eliya peke yake alimpa cha kushukia.