Shada la Nywele la Wilda Stuckey

Hapa Orrin, Iowa, saluni ni moja tu, nayo ni chumba cha mbele cha nyumba alimozaliwa Wilda Stuckey. Viti viwili, sinki moja, na ukikaa kusubiri zamu yako ulikuwa unatazamana na shada la ukoo wao, ukutani, ndani ya sanduku la kioo.

Lilikuwa shada la nywele za watu. Nyanya wa babu yake, Philena, alilisuka enzi ambazo wanawake wa huku walikuwa wakikata kishungi cha marehemu kabla jeneza halijafungwa, wakakizungusha kwenye waya mwembamba mpaka kikawa ua. Kila ua na mtu wake. Shada zima lilipinda kama kiatu cha farasi, likaachwa wazi upande wa juu, ili waliomo wapate pa kupitia kwenda mbinguni. Ua dogo kuliko yote lilikuwa la Almeda, bintiye Philena aliyekufa kwa dondakoo hata kunyonya hajaacha. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama hariri.

Mimi ni jirani yake Wilda, na shada lile lilinitia kinyaa tangu utotoni. Nikimwambia, alikuwa akicheka.

"Usiwaangalie basi, Nadine. Wao wenyewe hawana habari na wewe."

Kiangazi kile baraza la sanaa la wilaya lilimpa msanii kutoka Chicago, Maren Tofte, ghala la zamani la mbegu afanyie kazi. Alikuwa mwanamke mpole mwenye buti kubwa. Siku ya kwanza aliyokuja saluni aliangalia sakafuni, akauliza, "Hizi unazofagia unazipeleka wapi?"

"Kwenye pipa," Wilda akasema. "Ulitaka nizipeleke kanisani?"

Maren akaziomba. Tangu hapo akawa anapita na gunia kila Jumamosi, nasi tukafanya mzaha. Aliyezidi ni Clete Hanna, aliyekuwa mume wa dadake Wilda, na ambaye mji mzima tunajua ndiye aliyemvunja taya dada huyo. Wilda aliendelea kumnyoa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumnyoa.

"Shemeji," alisema Clete huku anapangusiwa shingo, "kichwani zimebaki chache. Nichangie za masikioni na ndevu?"

"Usiniite shemeji."

Siku moja Maren alisimama mbele ya shada muda mrefu, na alipogeuka macho yalikuwa yamelowa. Akasema wasanii wa sasa wanarudi kwa hawa mabibi, kwenye mablanketi yao ya viraka, mitungi yao na mashada yao. Wakati wao hakuna aliyewaita wasanii. Yeye alitaka kuendeleza pale walipoishia. Akaomba aazimwe.

Wilda hakuwahi kusikia mtu akilisifu shada lile. Alilitoa ukutani mwenyewe, akalifuta vumbi kwa aproni aliyokuwa amevaa.

"Lisitoke kwenye kioo," alisema.

"Nitalitunza kama langu."

Maonyesho yalifunguliwa Jumapili, baada ya ibada. Tulikwenda na vyakula vyetu, mimi na bakuli la viazi vya kuokwa na jibini, Wilda na gauni lake la bluu la harusi na misiba. Mlangoni tu harufu ikatupokea: shampuu, jasho, mafuta ya vichwa vya watu, na unyevu wa gunia. Darini lilining'inia shada kubwa kama mdomo wa ghala la mahindi, na nyuzi zake zikashuka mpaka usawa wa nyuso. Ilitakiwa upite katikati yake. Nilipita. Unywele mmoja ulinata kwenye mdomo wangu nikautoa kwa kidole, wa pili ukaingia. Mba ilikuwa imeganda kwenye nyingine kama chumvi. Viazi vyangu nikavifunika.

Wilda alikuwa mbele yangu. Akasimama ghafla.

Kati ya yale matakataka yetu yalikuwa maua ya Philena, nje ya kioo, yamefumuliwa na kusukwa upya. Ua la Almeda lilikuwa nusu yake tu. Ile hariri nyeupe ilikuwa imesokotwa pamoja na manyoya magumu, ya kijivu, yaliyokuwa na umanjano wa tumbaku. Clete alikuwa amesimama kando na ndevu zake zilezile, ameshika glasi.

"Umefanya nini?" Wilda akamuuliza Maren.

"Nimelifungua," Maren akasema kwa upole. "Lilikuwa la ukoo mmoja, limejifungia. Sasa mji mzima umo. Na nimelifanya duara kamili, lisilo mwanzo wala mwisho."

Wilda akainua macho. "Umewazibia njia."

"Hiyo ilikuwa imani ya wakati ule."

"Ilikuwa yao. Na nywele ni zao."

"Lakini Philena naye aliiga, Wilda. Michoro ya maua haya aliitoa kwenye magazeti, na magazeti yaliitoa Ulaya. Kila mtu huchukua la mwenzake akaligeuza."

"Aliiga ua," Wilda akasema. "Hakuchukua mtoto wa mtu."

Kisha akatoka nje, nikamsikia anatapika ukutani. Aliporudi, kutoka saluni, alikuwa amejifuta mdomo na ameshika mkasi wake wa kazi. Akaniomba ngazi. Niliishika yeye akapanda.

"Shemeji, mpaka dari unanyoa?" Clete akacheka.

"Toka humu kabla sijashuka."

Akatoka. Shada likaanguka kwa mafungu, bila kishindo, kama mnyama aliyekufa zamani. Maren alikuwa amempigia simu askari. Askari alifika, akalizunguka lile rundo, akauliza hizi nywele ni mali ya nani hasa. Zake pia zilikuwemo. Akafunga kitabu chake akaenda zake.

Tulikaa mezani kwa Wilda na vibano tukijaribu kuwatenganisha. Za Almeda tulipata chache. Zilizobaki zilikuwa zimegandishwa na gundi kwenye ndevu za Clete, na tulipovuta zilikatika. Wengine hatukuweza kuwatambua kabisa. Wilda alinawa mikono mara kwa mara, na kila akirudi mezani aliinusa.

Mwishowe tulizika rundo lote kwenye kaburi la Philena, pamoja na ndevu.

"Almeda analala na Clete," nilisema, na nilijuta papo hapo.

"Najua," Wilda akasema. "Ningefanyaje?"

Majira ya baridi binti yangu aliyeko Chicago aliniambia alichokiona kwenye jumba la maonyesho: sinema fupi ya mwanamke wa gauni la bluu juu ya ngazi, akikata. Mtu alikuwa amemrekodi siku ile. Jina la Maren lilikuwa chini yake, na maelezo kwamba kukatwa kule ndiko kulikoikamilisha kazi. Watu walikuwa wanasimama wanatikisa vichwa kwa heshima.

Nilimwambia Wilda wakati ananiosha kichwa. Maji yakaendelea kutiririka, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo na mimi nimo," akasema.

Akafunga bomba, akanipa taulo nijikaushe mwenyewe. Siku hiyo hakunikata. Tangu wiki iliyofuata kila mteja anaondoka na nywele zake kwenye mfuko wa karatasi, umefungwa kwa uzi, na anayeusahau kwenye kiti hufuatwa mpaka barabarani.