Mwaka Mpya wa Upande Huu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Kwa miaka saba alipiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni iliyo karibu na mpaka, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi kwa sababu ya kunyanzi. Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, mwendo wa saa nne kwa gari, akaolewa upande huu na fundi baiskeli mwenye maneno mengi, mtu aliyeweza kubishana na pampu. Fundi huyo alifariki mwezi wa tano, kwa homa ya siku sita tu.

Tangu hapo Mama Pasi alikufa ganzi. Hakulia sana, na wale wanaohesabu machozi ya wenzao walilisema hilo. Kula alikula, kazini alikwenda. Siku moja pasi ilimuunguza kiganja, akaitazama ngozi ikibadilika rangi kana kwamba ni ya mtu mwingine, ndipo akakumbuka kuondoa mkono.

Kaka yake alimpigia simu kila Jumapili. "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Huko umebaki na nani?"

Mwezi wa kumi na mbili akachoka kuulizwa, akamwambia aje na pikapu tarehe mbili Januari, asubuhi. Ila moyoni aliweka sharti ambalo hakumwambia mtu: majirani wakija tarehe mosi, atabaki. Wasipokuja, ataondoka na hatageuka nyuma.

Sharti hilo halikutoka hewani. Kwao, nyumba iliyofiwa haiachwi peke yake mwaka mpya wa kwanza. Jua halijawa kali, watu wameshaingia bila hodi, wameketi, wanakula, wanamtaja marehemu kwa vituko vyake, kisha wanakwenda zao. Asiyekuja amekata undugu, na hakuna haja ya kumuuliza kisa. Mama Pasi aliamini kuwa dunia nzima hufanya hivyo, maana mwaka ni huo huo na kalenda ni ile ile. Angejuaje? Miaka yote saba sikukuu hiyo ilimkuta kazini, wageni wamejaa hadi stoo, yeye na mashuka, mashuka na yeye. Mwaka huu bosi alimpa mapumziko kwa sababu ya msiba. Wema nao huweza kumponza mtu.

Tarehe mosi alipiga deki, akapanga viti vinne na mkeka, akachemsha chai sufuria kubwa, akaufungua mlango wote. Kisha akaketi, ametulia kama maji mtungini.

Saa tatu alipita jirani yake mshonaji, amevaa gauni jipya. Huyo alikua pamoja na marehemu kama ndugu, ndiyo maana alimwita Mama Pasi wifi. Alipofika usawa wa mlango aligeuza uso upande wa pili na kuongeza mwendo, kama mtu aliyefungua bafu akakuta lina mwenyewe. Akapita kinyozi wa kona, naye vivyo hivyo. Saa sita chai ilikuwa imepoa, akaipasha. Saa tisa akaipasha tena. Saa kumi na moja akaimwaga.

Hakukasirika. Alitamani kukasirika, akajipapasa moyoni akitafuta hasira, akakuta patupu. Basi akafunga mlango na kuanza kufunga mizigo.

Asubuhi kaka yake alifika, akauliza kabla hata hajanyoosha mgongo, "Jana walikuja wangapi?"

"Hakuna."

Kaka akasonya. Alikaza kamba juu ya kabati na godoro kama anayemfunga mwizi. Kilichobaki ni ufunguo wa chumba, ambao mwenye nyumba alisema aachiwe mshonaji. Mama Pasi akavuka ua, akagonga.

"Hodi."

Hodi ya pili haikuhitajika. Mshonaji alikuwa pale pale nyuma ya mlango, na lile gauni jipya la jana, sasa limejaa makunyanzi. Ndani, meza ilikuwa imepangwa sahani zilizofunikwa kitambaa. Mume wa mshonaji akasimama, kinyozi akasimama, bibi mmoja wa chumba cha nyuma akajitahidi kusimama.

"Wifi," mshonaji akasema, "tumekungoja tangu jana."

"Mlikuwa mnaningoja mimi?"

"Sasa nani mwingine? Tuliona mlango wazi, tukasema huyo, anatoka sasa hivi. Giza likaingia hujatoka."

"Mimi nilikuwa nawangoja nyinyi," Mama Pasi akasema.

Wakatazamana. Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. "Mwanangu, kwetu nyumba iliyofiwa haiingiliwi mwaka mpya. Mfiwa anatoka mwenyewe, anagonga mlango anaoutaka. Hapo tunajua yuko tayari kurudi kwa watu. Ukimtangulia ni kama unamfukuza kwenye kilio chake. Kwani mumeo hakukwambia?"

"Aliniambia mengi sana," Mama Pasi akasema. "Hilo hakulifikia."

Kinyozi akacheka kidogo, akajizuia. Mshonaji hakucheka. "Leo tumeona mnapakia. Tumesimama dirishani, wote. Ungeondoka hivi hivi, wifi, na mimi nisingefungua mdomo. Hukuwa umegonga."

Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Wanaosema hivyo hawakusimama dirishani kutazama godoro la mtu likifungwa kamba. Mama Pasi alimtazama wifi yake aliyekuwa akitokwa machozi, akaona kwamba mtu huyo amelala na gauni lake akingoja hodi moja tu.

Honi ikalia nje, kisha kaka akaingia bila kugonga, kama wanavyoingia kwao. Akawaangalia wote kwa jicho la mtu asiyesahau ya jana. "Mdogo wangu, jua linapanda."

Mama Pasi alikuwa ameshaketi kwenye kiti kilichokuwa kitupu. "Shusha mizigo, kaka."

"Mizigo gani?"

"Yote. Kinyozi atakusaidia kabati."

Kaka alisimama akimpima, kisha akashusha sauti, maana ni dadake wa tumbo moja na miezi minane hakumsikia akiamua jambo lolote. "Hawa jana walikuacha peke yako."

"Na mimi niliwaacha. Nitakueleza njiani ukirudi, kwa simu."

"Basi una furaha?"

Mama Pasi akajipapasa tena moyoni, taratibu, bila kujidanganya. "Bado," akasema. "Njaa ninayo."

Mshonaji akafunua sahani.